Liue Vumbi Kabla Halijaruka

Fundi umeme akianza kuchana ukuta, saiti nzima hujua. Mlio wa grainda humfikia mama ntilie kule barabarani, na baada ya dakika mbili dirisha linaanza kutoa wingu la kijivu kana kwamba ndani kuna tanuri. Mle chumbani wamo watu wawili. Mmoja ameshika mashine, nywele zake na lipu ya ukutani zimekuwa rangi moja. Mwingine, saidia fundi, ameshika kebo isije ikakatwa, pua ameifunika kwa fulana aliyoifunga kisogoni. Saa saba wanatoka, wanajikung'uta kwa viganja, wanachekana walivyofanana na mizimu. Mmoja anaagiza wali maharage, mwingine anaongeza maziwa. "Ya kusafishia kifua," anasema.

Nimesimamia ujenzi wa nyumba za watu kwa miaka mingi, na maziwa hayo nimeyanunua mwenyewe kwa pesa za saiti, nikijiona bosi mwenye huruma. Tabibu mmoja ndiye aliyenitoa ujinga, na hakuyapamba maneno: maziwa yanakwenda tumboni, vumbi limekwenda mapafuni, na njia hizo mbili zikishaachana kooni hazikutani tena. Wape vijana maziwa kwa sababu wana njaa. Kwenye hesabu ya kinga usiyaweke.

Kinga yenyewe huanza kabla grainda haijachomekwa kwenye umeme, na sehemu yake kubwa ni mpango wa kazi na ndoo ya maji. Barakoa, ambayo ndiyo kila mtu huanza nayo, mimi nitaiacha mpaka karibu na mwisho, na nitaeleza kwa nini.

Vumbi lipi hasa

Kinachodhuru ni silika ya fuwele, yale madini yanayometameta kwenye mchanga wa mto ukiumwaga juani. Mawe ya mchanga huwa na silika asilimia 70 hadi 90. Zege na lipu, kutegemea mchanga na kokoto zilizotumika, asilimia 25 hadi 70. Granaiti, ile miamba iliyoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba, asilimia 20 hadi 45. Vigae vimo humo humo, na tofali la kuchoma linaweza kufika asilimia 30. Marumaru na mawe ya chokaa yana kidogo, kama asilimia 2. Kwa hiyo fundi anayechonga tumbawe Mji Mkongwe wa Zanzibar yuko afadhali kuliko mwenzake wa Mwanza, mpaka atakapofika kwenye lipu ya mchanga na saruji.

Mafundi wengi huiogopa saruji ikiwa bado mfukoni. Inastahili kuogopwa kwa ngozi na macho, maana inachoma, lakini silika ya fuwele iliyomo ni kidogo mno. Hatari ya mapafu huja baadaye, saruji ikishakutana na mchanga na kokoto, ikakauka, kisha mtu akairudia na diski ya almasi.

Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe zinazopenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu ziko chini ya maikroni 10, na mbaya zaidi ni zile za maikroni 4 kushuka chini. Vumbi linalokufanya uteme mate ya kijivu jioni kwa kiasi kikubwa limeshanaswa puani na kooni. Linalobaki ndani hulioni wala hulisikii, na mwili hauwezi kuliyeyusha. Pafu hulizungushia kovu, kovu huzaa kovu, na pafu lenye makovu halivutiki tena kama mpira. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa. Mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, ila kwa aliyevuta vumbi zito kila siku waweza kuja ndani ya miaka michache, hata miezi. Tena shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele kwenye kundi la visababishi vya saratani ya binadamu tangu mwaka 1997.

Sasa nipe dakika moja ya hesabu. Nchini Marekani, kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa hewani kwa kazi ya saa 8 ni maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo, na kimekuwa kikisimamiwa kwenye ujenzi tangu Septemba 2017. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, dari mita 3. Hewa yake ni mita za ujazo 48. Kiwango hicho kikienea chumba kizima hakizidi miligramu 2.4, uzito wa chembe nne hivi za sukari. Geukia ukuta. Diski yenye unene wa milimita 2, ikizama milimita 25, mistari miwili sambamba kwa urefu wa mita moja, inatoa takriban gramu 200 za unga. Si wote ni silika, na si wote ni mwembamba wa kufika mapafuni. Lakini fundi umeme hachani mita moja kwa siku.

Asiyeamini hesabu atumie tochi ya simu. Subiri grainda izimwe na vumbi lionekane limetua. Vaa barakoa, ingia, tia chumba giza, weka simu sakafuni taa ikiwa imelala ubavu, kisha simama upande wa pili uangalie kuelekea kwenye mwanga. Utaona hewa inachemka. Kipimo cha maabara hicho sicho, ila saidia fundi akishaiona mara moja hahitaji mkutano wa usalama.

Lazima ukate?

Swali hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo tunaloliruka. Vumbi jingi la saiti zetu linatokana na kazi zilizofuatana vibaya. Ukuta unajengwa, unapigwa lipu, unapendeza, halafu ndipo mwenye nyumba anamkumbuka fundi umeme. Anakuja na kuvunja kilichokwisha kulipiwa.

Mwite mapema. Kabla ya lipu, akiwa na chaki, mwenye nyumba atembee naye chumba kwa chumba: taa hapa, soketi pale, kiyoyozi upande huu hata kama pesa yake itapatikana mwaka ujao. Mabomba ya nyaya yapitishwe tofali likiwa bado wazi, mengine yapandishwe pamoja na ukuta unavyojengwa. Yanayobaki yachongwe kwa nyundo na tindo kwenye ukuta ulioloweshwa. Nyundo inatoa vipande, grainda inasaga. Siku ya kumwaga zege ya slabu, weka vipande vya bomba la plastiki kila mahali litakapopita bomba la maji au la choo, vikatwe kwa urefu wa slabu na kufungwa kwenye nondo visihame. Kila kipande unachokisahau siku hiyo kitakuwa tundu la kutobolewa kwa mashine baadaye.

Vigae navyo vina njia yao. Kile kikatio cha mkono, chenye reli mbili na kigurudumu kidogo cha chuma, huchora mstari kisha mpini huvunja kigae kwa kukibonyeza. Vumbi lake ni kama hakuna. Mafundi wengi wanacho, lakini wanakimbilia grainda kwa sababu imeshikwa tayari. Grainda iachiwe mikato ya pembe na matundu ya mabomba, na hata hiyo ifanyike nje. Mpangilio wa vigae ukianzia katikati ya chumba kwa vipimo, badala ya kuanzia popote fundi aliposimama, mikato inapungua yenyewe.

Maji

Ukimtazama fundi wa tarazo wa zamani, utaona amevaa buti za mpira na miguu yake imezama kwenye uji wa kijivu. Mashine yake inasaga mawe kutwa nzima na hewani hakuna kitu. Hakusomea usalama mahali popote. Tarazo ilimlazimisha kutumia maji. Kwa hiyo tusiseme maji ni teknolojia ya Wazungu. Tunayo saitini miaka yote, tumeyaacha kwenye sakafu tu.

Maji yakitua pale diski inapogusa jiwe, yanaweza kupunguza vumbi kwa kiasi cha asilimia 90. Neno la kushika ni "pale". Kunyunyiza hewani wingu likishapaa hakusaidii sana, na kulowesha uso wa tofali kisha ukakata kwa dakika tano hakutoshi, kwa sababu diski imeshafika ndani kulikokavu. Maji yaanze kabla ya diski kugusa, yasikome mpaka diski itoke. Kwa msumeno wa mkono wa kukatia zege, waliopima wanataka isipungue nusu lita kwa dakika. Bomba la mgongoni la lita 16, kama lile la kupulizia dawa shambani, litakufikisha nusu saa. Liwe jipya. Lililowahi kubeba dawa ya wadudu usilisogeze saitini hata kama limeoshwa.

Hapa nasimama kidogo, maana ushauri huu umeshawahi kutolewa vibaya. Grainda ya kawaida ya umeme haikutengenezwa kumwagiwa maji. Ukiimwagia, utamwokoa kijana na ugonjwa wa miaka 10 ijayo ili umzike Alhamisi. Tumia mashine iliyotengenezwa na njia yake ya maji: meza ya kukatia vigae yenye beseni, msumeno wa petroli wenye mrija, au ya betri ambayo mtengenezaji ameiruhusu kulowa. Inayotumia umeme wa ukutani ipitie kwenye swichi ya kukata umeme unaovuja, ile mafundi wanayoiita RCD, na kebo isilale kwenye dimbwi. Ile ya petroli usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake unaua haraka kuliko vumbi.

Kama huna mashine ya namna hiyo na pevingi au mawe ya kukata ni mengi, kodi kwa siku moja. Panga mikato yote, chora alama kwa chaki, kata yote siku hiyo, rudisha. Kwa hesabu zangu imekuwa nafuu kuliko grainda ya kila siku, ukiweka na diski zinazodumu zaidi zikipozwa kwa maji.

Ule uji wa kijivu nao uzolewe ukiwa bado umelowa. Ukiachwa ukakauka, kesho asubuhi viatu vinaurudisha hewani.

Umuhimu wa maji umejulikana tangu zamani. Mwaka 1930 na 1931, kule Hawks Nest katika jimbo la West Virginia, Marekani, vibarua walichimba handaki ndani ya mlima wenye silika nyingi mno. Wengi wao walikuwa Weusi waliotoka majimbo mengine kutafuta kazi. Miamba ilitobolewa bila maji ili kazi iende mbio. Waliokufa kwa silikosisi ni mamia, baadhi hata mwaka haukuwaishia.

Wagonga kokoto, wengi wao akina mama wanaokaa chini ya jua na nyundo na pete ya mpira ya kushikia jiwe, hawana mashine ila granaiti ni ile ile. Lundo lilowe kabla ya kugongwa, na lirudiwe likikauka. Mgongaji akae upepo ukimpiga mgongoni. Mtoto asilazwe pembeni ya lundo, na hapa sina namna ya kulilainisha neno.

Kwa makampuni makubwa kuna njia nyingine, kifuniko kinachovaa diski na mrija wa kifyonza vumbi chenye kichujio cha chembe ndogo mno (HEPA). Inafaa sana kwa kuta za ndani ambako maji yataharibu. Kifyonza cha nyumbani hakifai; kinanasa kinachoonekana, kisichoonekana kinakitema kwa nyuma.

Fagio la jioni

Saa kumi na moja fundi anafunga mkoba. Saidia fundi, mwenye malipo ya chini kuliko wote, anapewa fagio. Chumba kimefungwa, sakafu ina unga wa siku nzima, naye anaurusha wote upya akiwa ameinama, mdomo wazi kwa sababu anahema. Ningeambiwa nichague tabia moja tu ya kuifuta kwenye saiti zetu, ningeifuta hiyo.

Nyunyiza maji kwanza, taratibu, yasitengeneze mito, ngoja yanywewe, ndipo uzoe kwa koleo na fagio. Mahali pasipotakiwa maji mengi, mwaga unga wa mbao ulioloweshwa na uufagie pamoja na vumbi. Kompresa ya kupulizia isitumike kusafisha sakafu wala nguo, na mtu asimpulize mwenzake kwa mzaha.

Nguo za kazi zibaki saitini. Nimeona baba anafika nyumbani, mtoto anamrukia, na wingu dogo linapanda katikati yao. Badilisha kabla ya kupanda daladala au bodaboda, osha uso na mikono kabla ya chai, na anayefua azilowanishe kwanza bila kuzikung'uta. Mama ntilie naye asogezwe upande upepo unakotoka.

Barakoa, sasa

Nimeichelewesha kwa sababu inafanya kazi vizuri tu pale vumbi likishapunguzwa. Barakoa ya kiwango cha N95 au FFP2, ikikaa sawasawa usoni, huhesabiwa kupunguza unachovuta hadi sehemu moja ya kumi. Kukata zege kavu ndani ya chumba kunaweza kuzidi kiwango mara nyingi zaidi ya kumi, kwa hiyo hata aliyevaa bado anakula vumbi. Ukiwa na maji pamoja na barakoa, hapo umefika.

Fulana, kanga, leso na ile barakoa ya kitambaa tuliyoizoea tangu 2020 havichuji chembe za ukubwa huu. Ya hospitali ya rangi ya bluu nayo imetengenezwa kuzuia matone, na pembeni iko wazi. Tafuta yenye mikanda miwili, mmoja juu ya masikio na mwingine chini yake, na maandishi ya kiwango juu ya kitambaa chenyewe. Ukiivaa, bana kile chuma cha puani kwa vidole viwili, funika barakoa yote kwa viganja, pumua nje kwa nguvu. Ukisikia hewa machoni au mashavuni, bado. Ikilowa, ikichafuka ndani au ikawa nzito kuvutia hewa, itupe. Kuiweka mfukoni na kuivaa wiki nzima ni kujidanganya.

Ndevu zinaipa hewa njia, hata za siku mbili. Najua wapo wanaofuga kwa dini, na simwambii mtu anyoe. Mpe kazi ya kuchanganya, kupanga, kusimamia, mbali na diski. Au anunuliwe kofia yenye kipulizi cha betri, kama mfuko unaruhusu.

Kifua kikianza kubana

Kikohozi kikavu kisichoisha, kuhema ukipanda ngazi ulizokuwa ukizipanda na mfuko wa saruji begani, uzito kupungua: nenda hospitali, na kabla daktari hajauliza mwambie kazi yako. Usiseme "kibarua". Sema "nimekata zege kwa grainda miaka sita". Picha ya kifua ya silikosisi inaweza kufanana na ya kifua kikuu (TB), na wapo waliomeza dawa za TB bila makohozi yao kuonyesha kitu. Upande wa pili nao ni wa kweli: silika huifungulia TB mlango, hivyo mtu anaweza kuwa na yote mawili, na makohozi lazima yapimwe. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imeyachunguza hayo kwa wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani. Sigara kwa mtu wa kazi hii ni kumsukuma aliyekwisha teleza.

Weka daftari. Mwaka, mahali, jina la aliyekuajiri, kazi uliyofanya, na picha moja ya simu ukiwa kazini. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, ina wakala wake wa OSHA, na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao magonjwa yatokanayo na kazi yamo ndani yake. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007, ya usalama kazini na ya fidia, WIBA. Lakini ugonjwa unaojitokeza baada ya miaka 10 humkuta kibarua ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa popote, na mwajiri aliyekwisha funga ofisi. Daftari la shilingi mia chache linaweza kuwa shahidi wako pekee.

Na wewe mwenye nyumba, unayesoma hapa ukidhani haya ni ya mafundi: pesa ni zako na ratiba ni yako. Fundi atakata kavu kwa sababu umemwambia Jumamosi unahamia. Makadirio yakiletwa, pitia mstari kwa mstari, saruji, nondo, mbao, rangi, mpaka uone palipoandikwa maji ya kukatia, mashine ya kukodi na barakoa za N95. Usipoona, chukua kalamu uandike.